Wazazi Thelathini na Wanane

Siku ya kwanza Mzee Rugamika alininyanyulia karai,
akalitikisa mbele ya uso wangu pale Muhanzi:
"Hesabu, binti wa chuo. Hesabu tuone kama utamaliza."
Vitoto vya samaki wa ndevu vilijaa hadi ukingoni,
vyembamba kama sindano za kushonea magunia,
na kimoja kiliruka kikaangukia juu ya kiatu changu.

Sikuhesabu. Nilikata.
Kipande cha pezi, kidogo kuliko ukucha wa kichanga,
nikakitia katika kichupa chenye alkoli,
nikaandika namba,
nikamrudisha mwenye pezi majini.
Mia mbili na kumi na wawili, mpaka vidole vikafa ganzi,
mpaka wauza sambaza wakaniuliza
ni ugonjwa gani huo unaopimwa, na kama unaambukiza.

Usiku umeme ulikatika Ibanda, kama desturi yake.
Vichupa vyangu vililala katika friji ya jirani mwenye jenereta,
kati ya sombe ya juzi na chanjo ya kuku,
nami nikaomba mumewe asije akavidhania kileo.

Majibu yalichukua miezi minne.
Vinasaba havistahi karai. Wingi hauvibabaishi.
Vinauliza lile lile waulizalo shangazi zetu
mchumba akisimama mlangoni na kreti zake za soda:
wewe ni wa nani? Na mama yako, yeye ni wa nani?
Na wale mia mbili na kumi na wawili, mmoja mmoja,
wakataja majina yale yale,
yale yale,
kama darasa ambalo nusu yake ni mtu na dada yake.

Thelathini na wanane.
Ndio waliopanda mto mwaka ule wakaacha uzao.
Labda hamsini, hesabu ikituhurumia.
Labda ishirini na sita.

"Uongo," alisema Rugamika. "Mimi peke yangu,
kwa mkono huu, nimevua sabini wakubwa."
Najua, Mzee. Lakini mkubwa si mzazi.
Wako waliokutana na wavu wako mdomoni mwa mto
matumbo yao yakiwa bado mazito.
Wako waliofika wakakuta mawe ya kutagia
yamebebwa kujenga msingi wa nyumba ya mtu Kadutu.
Jike mmoja, mmoja tu, amejaza nusu ya karai lako.
Likimpata homa moja, limewapata wote.

Alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akawasha sigara, ikazima.
Kisha akasema, bila kunitazama:
"Mama yangu alizaa kumi na mmoja.
Wajukuu wake wote wametoka kwangu."

Hakusema wale kumi walikwenda vipi.
Bukavu hatuulizani hivyo mchana.

Mwezi wa tisa, mvua ya kwanza ilipoleta harufu ya udongo ziwani,
alifunga mdomo wa mto: kamba, madumu matupu ya njano,
na vijana wawili wa kulinda, waliolipwa kwa ugali na maneno makali.
Si wote waliotii. Alfajiri moja tulikuta chandarua cha malaria
kimetegwa kati ya mawe, kipya, bado kina mikunjo ya pakiti yake,
na ndani yake vitoto vyeupe kama wali uliomwagika.
Rugamika alikikata kwa kisu. Jioni mwenye chandarua alikuja,
mama wa watoto sita, akalia,
na sote wawili hatukuwa na jibu.

Leo nimerudi na mkasi wangu.
Karai halijajaa. Ni pungufu kuliko mwaka ule,
na wavuvi wananitazama kama fundi aliyeharibu redio.
Nawaambia tungoje. Wachache wa wengi
wanaweza kuzidi wengi wa wachache.
Natamka hivyo na ulimi wangu ni mkavu,
maana mimi pia sijui; vichupa ndivyo vitakavyojua.

Rugamika anachota kimoja kiganjani, na maji yake kidogo,
anakisogeza karibu na jicho lake lenye mtoto wa jicho.
"Ee," anakiuliza taratibu, "na wewe?
Wewe ni wa nani?"